Mstari wa Tatu

Kwa mtu ambaye hajawahi kunywa, saa kumi jioni ni saa kama zile zingine. Ng'ombe wanadai majani, watoto wanatoka shule, ukungu unaanza kuteremka kutoka Nyandarua. Kwa sisi tuliokunywa, saa kumi ni mtego. Kazi imeisha, mikono haina shughuli, na miguu inaijua njia bila kuulizwa. Nimeona wanaume wazima wakiapa asubuhi mbele ya mama zao, machozi ya kweli, na saa kumi ikifika unawaona wakiteremka kwa maduka mmoja mmoja, kila mmoja akisema anaenda kununua kiberiti.

Kwa hivyo nikikwambia kwamba kikundi chetu cha kusoma Biblia kilikuwa kinakutana Alhamisi saa kumi, ujue kwamba sitaji saa tu. Ndiyo saa pekee katika wiki nzima ambayo mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa na mahali pa kwenda pasipo na chupa. Wakamnyang'anya. Majina yao sitayaandika, lakini hapa Wamagana watu wanajulikana kwa kazi zao, na kazi zao nitazitaja: ni mchungaji, ni mwenyekiti wa kikundi, na ni mke wa mwenyekiti. Nasema mapema ili usije ukafikiri mwishoni nitageuka niseme ati kila mtu alikuwa na kosa lake. La. Kosa lilikuwa lao.

Mimi nilizaliwa Kangema, kwa watu wa majani chai. Shule niliachia darasa la nne, kwa sababu vidole vidogo vinachuma vizuri na baba hakuona kazi ya kalamu. Lakini hilo darasa la nne lilinipa kusoma, polepole, kidole chini ya neno. Mzee wangu hata hilo hakulipata. Alichunga mbuzi za watu tangu alipoweza kushika fimbo, halafu akaingia kwa machimbo ya mawe upande wa Gatitu, na huko ndiko alikozeekea. Ukimpa karatasi aliikunja, akaiweka mfukoni, akasema ataiangalia baadaye. Watu walidhani ni maringo.

Tulikunywa pamoja. Kwa nini, sitasema. Mlevi akianza kueleza kwa nini, hata yeye mwenyewe huchoka kujisikiza. Ile pombe mbaya ilipoingia kwa maduka yetu tulikuwa ndani na wenzetu. Wauzaji walikuwa wametia kitu ili ipande kichwani haraka. Watu tuliokaa nao benchi moja walizikwa wakifuatana, hata waliokuwa wakichimba makaburi wakalalamika mgongo. Mimi niliamka hospitalini mjini nikiwa na jicho moja. La pili liko pale, lakini linaona kama kioo cha taa kilichojaa masizi. Mzee wangu alibaki na macho yote mawili na mikono inayotetemeka.

Mchungaji alikuja kutuona hospitalini, na tulipopona akatusimamisha mbele ya kanisa. "Hawa wawili," akasema, "ni kuni zilizochomolewa motoni zikiwa zimeshaanza kuwaka." Watu wakapiga makofi. Sikukasirika siku hiyo. Mtu akitolewa shimoni haangalii mkono uliomvuta ni wa nani. Tukaandikishwa kwa kikundi cha kijiji chetu.

Kikundi kilikuwa ni familia za huku kwetu, kila Alhamisi nyumba nyingine. Mwenye nyumba anaazima viti kwa jirani, anachemsha chai na nduma, na watu wanasoma. Mchungaji alikuwa amesema kwamba anataka Biblia itoke kwa mimbari iingie jikoni, mume na mke na watoto waisome pamoja, si kumsikiza yeye tu Jumapili halafu waende nyumbani wasahau. Lilikuwa neno zuri. Hata leo, na uchungu wangu wote, nasema lilikuwa neno zuri.

Taabu ilikuwa mwenyekiti. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na sisi sote tulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Alitupanga kama darasa. Viti vinazunguka chumba, yeye anakaa karibu na mlango, na kusoma kunaanza kwa aliye mkono wake wa kulia kunazunguka mpaka kumrudia. Kila mtu na mstari wake. Hakuna kurukwa.

"Neno la Mungu halina watazamaji," alikuwa anasema. "Si mpira huu."

Alhamisi ya kwanza, mzee wangu alipoona vitabu vinafunguliwa alininong'oneza, "Mama, wacha nijisaidie." Akaenda nje, akarudi wakati wa chai. Alhamisi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, mke wa Mwalimu akamtupia neno akitoka, sauti ya kusikika na wote:

"Kwani huyu mzee wetu ako na sukari? Kila tukifungua Biblia ni choo!"

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Lakini njiani kurudi alikuwa akipiga mawe madogo kwa kiatu, na nikajua kwamba Alhamisi inayokuja nitaenda peke yangu, na yeye ataenda kununua kiberiti.

Ndipo nikafikiria dawa. Mahali pa kusomwa Alhamisi palikuwa panatangazwa kanisani Jumapili, ili watu wajitayarishe. Kiti cha kulia cha Mwalimu kilikuwa cha mke wake. Huyo mama hangekiacha kiti hicho hata kwa kufa. Kwa hivyo mstari wa kwanza ulikuwa wake. Tukifika mapema, mimi nikikaa kando yake, wa pili ni wangu. Na mzee wangu akikaa kando yangu, wa tatu ni wake. Hata iwe kitabu gani, sura gani, wa tatu ni wake.

Nilianza kumfundisha jioni ya Jumapili, kwa zizi. Mimi nakamua, yeye amesimama na ndoo ya pili, nautaja mstari naye anaurudia. Kichwa chake kilishika kama lami. Kufikia Jumatano alikuwa anausema bila kujikwaa, na Alhamisi nilimfungulia Biblia mahali penyewe, nikamwambia atembeze kidole polepole kama mimi. Alipomaliza mara ya kwanza, Mwalimu alisema, "Asante mzee, sauti nzuri." Mzee wangu akafunga Biblia mapema kabla ya wenzake, kama mtu aliyemaliza chakula kwa sahani. Siku hiyo alikunywa chai vikombe viwili na mkono haukumwaga.

Basi tukaendelea. Nikikumbuka sasa nacheka, halafu kicheko kinaingia mahali pabaya. Kwa sababu mzee wangu alipata Biblia yake mwenyewe, ambayo sidhani mtu mwingine duniani amekuwa nayo: Biblia ya mistari ya tatu. Ya Mwanzo alijua pale Mungu anapoita nuru, na alisema Mungu alifanya vizuri kuanza na taa, mtu hawezi kujenga gizani. Ya Ayubu alijua ule wa utajiri, kondoo na ngamia na ng'ombe wa kulimia, na aliutaja kwa madaha kama ni mifugo yake imelala hapo nje.

"Halafu huyu tajiri akafanya nini?" akaniuliza.

"Vyote viliisha."

"Viliisha mstari gani?"

"Mbele kidogo."

"Basi hayo si yangu," akasema. "Mimi nabaki na ngamia."

Tukafika kitabu cha Ruthu, na huko mstari wa tatu ni pale mume anakufa, mke anaachwa na wanawe wawili. Nilipoutaja kwa zizi aliniangalia juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Hii umechagua wewe?"

"Mimi sichagui. Ni pasta."

"Basi mwambie pasta bado niko."

Kwa machimbo wenzake walianza kumwita mhubiri, kwa utani, kwa sababu wakati wa githeri ya mchana alikuwa anawapa mstari wa wiki hiyo, huo mmoja tu, na wakimuuliza maana anasema ngojeni Alhamisi. Na zile siku zingine, saa kumi ikifika, alikuja nyumbani moja kwa moja. Akisimama mlangoni ananiuliza, "Alhamisi nasema nini?" Mvua ndefu zikaja zikaisha, baridi ya Julai ikaja ikaisha, na mzee wangu hakununua kiberiti. Siwezi kusema alikuwa amepona. Nasema tu kwamba alikuwa na kitu cha kubeba kichwani, na kichwa kilichobeba kitu hakiyumbi ovyo.

Lakini nilijua tunatembea juu ya kamba. Mtu mmoja akikaa vibaya, yote yanaanguka. Nikaenda kwa mchungaji, nyumbani kwake nyuma ya kanisa, nikamweleza wazi.

"Pasta, mzee wangu hajui kusoma. Anasema kwa kichwa. Naomba umwambie Mwalimu, wale wanaotaka kusikiza tu waachwe wasikize. Usimtaje yeye. Sema tu ni mpango mpya."

Alinimiminia chai yeye mwenyewe. "Umefanya vizuri kuniambia, mama. Nitaongea naye."

"Na usiseme kwa mtu mwingine."

"Mama, mimi ni mchungaji. Mambo ya kondoo yanalala hapa." Akajipiga kifua.

Kweli, yalilala. Hayakuamka tena mpaka ile siku.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya nyumba ya Mwalimu. Kochi zilizovikwa vitambaa vya kufuma, zulia, picha za watoto wake wakiwa na kofia za kuhitimu. Tulikuwa tumefika wa kwanza. Mahali pa kusoma palikuwa Zaburi ya kwanza, na sijawahi kumwona mzee wangu akiupenda mstari kama alivyoupenda ule. Tulikuwa tunasoma kwa Kikuyu, kwa hivyo hapa nataja maana tu: kwamba mtu mwema ni kama mti ulio karibu na maji, unazaa wakati wake, na majani yake hayakauki. Wiki nzima alikuwa ananiambia ni ule mkuyu wa chini mtoni, ambao hata kiangazi kikikausha mahindi yote hauonyeshi. Jumatano alipitia huko akitoka kazini, akarudi na jani lake, akalitia ndani ya Biblia hapo kwa Zaburi. Mwanamume mwenye mvi.

Watu walikuwa wamejaa, maombi ya kufungua yamekwisha, vitabu vimefunguliwa. Mlango ukabishwa. Alikuwa mchungaji. Hakuwa ameambia mtu kwamba anakuja.

"Bwana asifiwe!" akasema. "Nimeona nipite niwaone watoto wangu."

"Pasta, karibu, karibu!" Mke wa Mwalimu akasimama, na kile kiti ambacho hangeachia mtu akakipangusa kwa kitenge. "Kaa hapa karibu na Mwalimu. Sisi tutasonga. Songeni, songeni kidogo!"

Tukasonga, kila mtu kiti kimoja. Nilihesabu kichwani. Mchungaji wa kwanza. Mke wa Mwalimu wa pili. Mimi wa tatu. Mzee wangu wa nne.

Nilimwangalia mchungaji. Alikuwa na wakati wa kukumbuka. Angesema tu, leo tusikize, nitasoma mimi. Neno moja. Yeye alikuwa anatafuta miwani.

Akasoma wa kwanza. Mke wa Mwalimu akasoma wa pili, kwa madoido, kama anasoma habari. Zamu ikafika kwangu, nami nikafanya kile nilichoweza: niliuruka mti nikasoma mstari wa nne, ule unaosema waovu sivyo walivyo, wao ni kama makapi yanayopeperushwa na upepo. Niliusoma haraka ili mzee wangu apate wake.

"Mama, ngoja," Mwalimu akasema. "Umeruka. Soma wa tatu."

"Ni hili jicho, Mwalimu. Wacha tu tuendelee."

"Hatuna haraka. Rudi, soma wa tatu."

Nikausoma. Ningefanya nini? Niliutaja ule mti nikisikia mzee wangu kando yangu ameacha kupumua, kama mtu anayeona ng'ombe wake anatolewa na mtu anayemjua. Chumba kikamngoja.

Akatembeza kidole na kusema mstari wake. Wa tatu. Wote, mti na maji na matunda na majani, na sauti ile ile nzuri.

"Huo umesomwa, mzee," Mwalimu akasema. "Wako ni wa nne."

Akausema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nafikiri alidhani hawakusikia. Au alidhani akiushika kwa nguvu watamwachia. Hapo ndipo mke wa Mwalimu alipoanza kucheka. Kwanza kwa pua, halafu akashindwa.

"Ai, mzee! Kwani huo mti umepandwa kwa mdomo yako?"

Chumba kizima kikacheka, hata wale ambao baadaye waliniambia hawakucheka. Mwalimu akainuka. Akaja akainama mbele ya mzee wangu, akachukua kile kidole chake kama vile walimu wanavyoshika mkono wa mtoto wa chekechea, akakiweka juu ya karatasi. "Hapa. Soma hapa." Jani la mkuyu likaanguka kwa zulia.

Mzee wangu akalifuata jani kwa macho.

"Basi sema nyuma yangu," Mwalimu akasema. "Waovu..."

Na mzee wangu akasema. Hilo ndilo sitawasamehe. Angekataa, angetusi, angemsukuma. Lakini aliwekewa neno moja moja mdomoni, waovu, sivyo, walivyo, naye akarudia moja moja, mpaka makapi, mpaka upepo. Mtu aliyenusurika pombe, mbele ya watu wote wanaojua alinusurika pombe.

Mchungaji sasa akakumbuka. Akasimama, akamwekea mikono kichwani. "Tusimcheke ndugu yetu," akasema. "Hajui kusoma. Mke wake alikuja akaniambia. Tumwombee." Akaomba, na maombi yalikuwa marefu. Wakati wote huo kichwa cha mzee wangu kilikuwa chini ya mikono ile, na macho yake yalikuwa wazi, na alikuwa ananiangalia mimi.

Alikunywa chai yake. Aliishukuru nyumba, akaaga kila mtu kwa mkono, hata yule mama. Tulitembea mpaka kwa lango letu. Hapo akasimama.

"Ingia," akaniambia. "Mimi nafuata kiberiti."

Jumapili hiyo mchungaji alimtia kwa mahubiri. Hakutaja jina, lakini nani asiyejua. Ati kuna ndugu asiyejua hata herufi na ameshika neno moyoni, na wewe mwenye digrii umeshika nini? Alidhani anamsifu. Nilimngoja mlangoni.

"Uliniambia utaongea na Mwalimu."

"Ai, mama, nilisahau. Kazi ni mingi." Akanishika bega. "Lakini si tulimwombea?"

Mwalimu naye alikuja nyumbani na wazee wa kanisa wakati habari za maduka zilipofika kanisani. Walikaa kwa jiko langu na kofia magotini, wakamwambia mzee wangu amevunja agano, hatapewa meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Alikuwa ameshakunywa kidogo. Akawasikiza mpaka mwisho.

"Mkitaka nitubu," akasema, "nileteeni mstari. Mwalimu ataniambia, nami nitasema nyuma yake."

Walikunywa chai yangu wakaenda.

Mimi niliendelea kwenda kanisani. Watu wananiuliza kwa nini. Kwani niende wapi? Huku kwetu kanisa ni kama kisima. Hata kama aliyekichimba amekukosea, maji utayatoa wapi kwingine. Lakini kikundi nilikaa bila kwenda, na mzee wangu aliacha kazi ya mawe, au kazi ikamwacha, kwa sababu mkono unaotetemeka na nyundo havikai pamoja. Biblia yake ya mistari ya tatu sikuisikia tena. Nilimuuliza mara moja, tukiwa kwa zizi, kama bado anamkumbuka yule wa ngamia. Akaniambia vyote viliisha, mbele kidogo.

Halafu juzi juzi ndiyo ikaja hii spika.

Ni kitu kidogo cheusi, kama tofali iliyokatwa nusu, kinawekwa juani kinapata chaji, na ndani yake kuna Biblia nzima kwa Kikuyu, mtu anasoma kwa sauti tulivu. Mchungaji aliinua moja kanisani kama ameinua mtoto wa kubatizwa. Akasema itazunguka nyumba kwa nyumba, kila familia ikae nayo wiki moja, na kwa kikundi pia watu watasikiza pamoja badala ya kusoma kwa zamu. "Kwa ajili ya wale ambao hawakubahatika kwenda shule," akasema, "na wale ambao macho yamechoka. Neno ni la wote." Watu wakapiga makofi yale yale. Mimi nilikaa kwa benchi nikashika mbao ya mbele kwa mikono miwili. Basi ilikuwa rahisi hivyo. Kumbe mtu anaweza kusikiza tu, na mbingu isianguke.

Aliyeileta nyumbani kwangu ni Mwalimu mwenyewe. Amezeeka, ana fimbo. Akanionyesha pa kubonyeza.

"Mama," akasema, "yaliyopita yamepita."

"Yamepita na barabara gani, Mwalimu? Maana hapa kwangu bado sijaona yakipita."

Akaangalia mbuzi wangu hapo uani.

"Nenda umwambie mzee wangu ulimkosea," nikamwambia. "Ako huko kwa maduka, unajua benchi. Usimhubirie. Mwambie tu, nilikukosea. Neno moja, utalikumbuka bila kitabu."

Akaichora ardhi kwa fimbo.

"Nitaongea na pasta," akasema.

Jioni moja ya wiki hiyo mvua ilimfukuza mzee wangu mapema. Akaingia amelowa, akakaa karibu na moto, nikampa githeri. Spika ilikuwa juu ya kabati. Nikaibonyeza hapo kwa Zaburi ya kwanza, sikumwambia kitu. Sauti ikaanza. Aliendelea kula. Ilipofika kwa mti, niliona midomo yake inasogea. Hakutoa sauti, lakini alikuwa mbele ya yule msomaji kwa neno moja, anamngoja kwa kila neno kama mtu anayejua njia. Halafu sauti ile ile, bila hata kumeza mate, ikaingia kwa makapi.

Akaweka sahani chini.

"Hata hii," akasema, akiinyooshea kidevu, "imeenda shule."

"Haiulizi mtu chochote, baba watoto. Ni ya kusikiza tu. Kaa."

"Kuna wengine ndani ya nyumba?"

"Ni sisi wawili."

Akaiangalia muda. "Sisi wawili tulikuwa kwa zizi," akasema. Akachukua koti, akatoka, na mvua ilikuwa bado inapiga mabati.

Sasa kikundi kimerudi kwa zamu yangu pia. Sikukataa, nilitaka waone jiko langu. Wanakaa kwa mzunguko ule ule, na spika iko katikati kwa stuli. Hakuna anayesoma hata mmoja. Vitabu wameviacha nyumbani. Mke wa Mwalimu anasikiza akifuma. Mwalimu anafumba macho, na mimi siwezi kujua kama anaomba au amelala, na hakuna anayemshika kidole amwambie hapa, rudia. Mzee wangu angekaa kati yao angekuwa sawa na wote. Hakuna ambaye angejua kitu.

Alhamisi ya zamu yangu niliiongeza sauti mpaka mwisho. Mke wa Mwalimu akasema, "Punguza kidogo, si tuko hapa hapa." Sikupunguza. Saa kumi watu wa maduka wanapita na njia ya chini, nyuma ya ua wangu wa miiba ya kaiyaba, na nilikuwa nimeweka Zaburi ile. Kikohozi cha mzee wangu nakijua hata kati ya kumi. Nilikisikia kikija, kikafika usawa wa jiko, kikasimama. Msomaji akataja mti, na maji, na majani yasiyokauka, na huko nje kimya. Nilisimama na birika mkononi.

Halafu makapi yakaanza, na nikasikia viatu vyake vikiendelea kuteremka.